Nguo za Bibi Aikaeli

Mimi ni mtu wa kinyaa, sifichi. Nikikuta unywele kwenye chapati, chapati siigusi wiki nzima. Mteja akiniletea gauni la kupunguza lenye jasho la jana kwapani, namrudishia hapo hapo, hata awe mke wa nani. Kwa hiyo siku Tabitha alipotua ile sandarusi kwenye baraza langu hapa mtaani Njoro, nilinyanyuka kabla hajaifungua mdomo nikajiziba pua kwa mtandio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenibebea nini humo, mwanangu? Paka aliyekufa?"

Hakucheka. Tabitha ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mamba, juu ya Marangu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mpole wa kuongea. Nilimfahamu kidogo tu. Mwaka juzi alihudhuria darasa langu la kushona Jumamosi mbili au tatu, kisha akapotea kama wanavyopotea wengi.

"Ni nguo za mama yangu," alisema. "Bibi Aikaeli. Alifariki mwezi wa pili. Tarehe ishirini na saba mwezi ujao tuna ibada ya kumbukumbu nyumbani, kaka Davis na wenzake wote wanakuja kutoka Dar. Nataka unishonee mfarishi kwa hizi nguo."

"Na uvundo huu?"

"Ndio ulionileta kwako." Aliongea akiitazama sandarusi. "Nimefua mara tatu, hautoki. Mimi nikimkumbuka mama yangu, kinachotangulia ni hiyo harufu. Sura yake inakuja baadaye. Sitaki kuzeeka hivyo. Nataka siku ile nijifunike nguo zake, nimpate mama tu. Nasikia wewe hushindwi."

Ni kweli, nilikuwa najiona sishindwi. Mfarishi, kwa asiyeujua, ni shuka la viraka lililolazwa juu ya blanketi kuukuu, na kitambaa kingine chini, vyote vitatu vikashonwa pamoja. Unaweza kujifunika au kuulalia. Nimefundisha wanawake kuushona miaka ishirini bila gharama za kipuuzi. Huna chaki ya fundi? Chukua kipande cha sabuni kilichokonda bafuni. Kinaandika vizuri na kinatoka kwa maji. Kiolezo cha viraka kata kwenye boksi la biskuti, lakini kata vitatu kabisa, maana ukifika kiraka cha arobaini mkasi utakuwa umeshakila kona. Khanga mpya ilaze kwenye maji ya chumvi kwanza, isije ikatapika rangi kwenye kiraka cheupe. Sindano ikikwama kwenye kitambaa kizito, ichome kwenye sabuni. Ukipiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, weka mawe pembeni, anzia katikati ya mfarishi ukienda nje, la sivyo utamaliza na kitambi katikati. Pini zikimwagika, tafuta sumaku ya spika mbovu, dakika moja umezikusanya zote.

Mkwe wangu Shamsia hunirekodi kwa simu na kutuma kwenye kundi la wanafunzi. Kutoka hapo sijui zinakwenda wapi, ila siku moja nikiwa sokoni Sanya Juu mtu nisiyemjua alinishika mkono: "Wewe si Bi Mwamvita wa mbinu?" Nilivimba kichwa, kwa nini nidanganye.

Wanaonichefua ni wale wanaosikia nusu. Nimeletewa mfarishi uliounganishwa kwa gundi ya viatu. Nimeletewa mwingine uliojazwa sponji la godoro la gesti, sponji lenye ramani za watu wasiojulikana, na mwenyewe anauliza eti kwa nini mtoto anajikuna. Nilimfukuza na mfarishi wake.

Za Tabitha nilizipokea kwa sababu ya yale maneno ya mwisho. Kesho yake nilivaa glavu za kufulia, nikafunga mtandio puani, nikaimwaga sandarusi uani.

Fundi anaisoma nguo kama mwalimu anavyosoma daftari. Magauni manne ya Bibi Aikaeli, mbele yalikuwa mazima, maua yake yote yapo. Nyuma yalikuwa yamekufa. Kuanzia mabegani hadi kwenye makalio kitambaa kilikuwa kimelainika, kimepata rangi ya chai, kimechanika chenyewe kwa kuoza. Madoa ya mkojo nayajua, na madoa ya usaha nayajua pia, nimeuguza. Vifungo vya mgongoni vimekatwa ili nguo ivalishwe kwa mbele, kama wanavyovalishwa wasiojiweza. Halafu vitenge vitatu vipya kabisa, vimekunjwa, karatasi ya dukani bado ipo. Hivyo bila shaka vilitoka Dar. Mwanamke analala kwenye uozo, na watoto wanamletea vitenge vya kutokea.

Nikasonya hadi jirani akachungulia ukutani.

Chini kabisa kulikuwa na mfarishi. Mtu alikuwa ameshona viraka vyake vizuri, miraba ya bluu na njano, kisha juu na chini akaufunika kwa nailoni ya mezani, ile inayopitisha macho, akaishona pamoja na blanketi la ndani. Nilipoubonyeza ukatoa sauti ya tope. Tangu mwezi wa pili! Nikaleta wembe, nikachana pembeni. Kilichotoka siwezi kukiita maji. Blanketi la ndani lilikuwa jeusi, linateleza, lina manyoya ya ukungu, na ile harufu iliyokuwa imekaa kwenye nguo zote ilikuwa inatoka humu kama moshi kwenye tanuri. Nilifika kwenye mgomba wa pembeni nikatapika chai na maandazi yote ya asubuhi.

Nilipomaliza kutapika nikawa nimeshamhukumu Tabitha. Mpole wa kuongea! Wapole ndio hao. Anamlaza mama yake kwenye nailoni kama nyama ya buchani, hafui, hageuzi, halafu anataka mfarishi mzuri wa kuonyesha ndugu zake siku ya ibada. Na mimi ndiye wa kumsafishia dhambi kwa sabuni. Nikampigia simu aje Jumamosi. Sikumwambia kuna nini.

Jumamosi wanafunzi wangu saba walikuwa wameshakaa mkekani, viraka mapajani. Ningeweza kumwita Tabitha pembeni. Sikutaka. Nilitaka asikike, na leo naandika hivyo kwa aibu. Nikauvuta ule mfarishi kwa fimbo hadi mbele ya baraza, wanawake wakarudi nyuma wakiziba pua.

"Mwalimu," nikasema, "hebu waeleze wenzako. Nani alimlaza mama yako juu ya hiki?"

Tabitha aliutazama mfarishi, kisha akanitazama mimi. "Mimi," akasema.

"Uliushona mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mnaona? Mnyama hatendewi hivi. Ng'ombe wako anabadilishiwa majani kila siku, siyo? Mama yako ulimbadilishia nini? Watu wengine wanazaa nyoka. Mimi nimeuguza mama mkwe miaka miwili, nikimfulia kwa mikono hii, sikuona kinyaa. Wewe umesoma, unafundisha watoto wa watu, hukuwaza mzazi wako anaozea kwenye nailoni? Kichwani kwako kulikuwa na nini?"

Niliendelea. Nilisema mengi, mengine siyarudii hapa. Tabitha alisimama tu na mkoba wake mkononi. Niliponyamaza kuvuta pumzi, akasema kwa sauti ile ile ya upole:

"Nilifanya ulivyoniambia."

"Mimi?"

"Wewe, mama. Hapa hapa barazani. Nilikuuliza."

Nikacheka. Wallahi nilicheka. Nikamgeukia Shamsia anisaidie kucheka, nikamkuta ameinamia simu, kidole kinapandisha na kupandisha. Sauti ikatoka. Ilikuwa ya kwangu, imechangamka, nyuma yake mashine zinakwenda.

"Huko milimani kwenu masika shuka halikauki siku tatu. Mgonjwa wa kitandani utamfulia mangapi? Fanya hivi. Shona mfarishi wako kama kawaida, halafu uvalishe nailoni ya mezani juu na chini, piga cherehani pote. Akijikojolea unapangusa kwa kitambaa cha sabuni, basi. Hufui mpaka kiama!"

Kicheko cha wanawake. Makofi. Kisha sauti nyingine: "Bi Mwamvita, umeniokoa. Na mimi baba yangu Himo yuko hivyo hivyo." Kisha mimi tena: "Nenda kamshonee leo leo, Hadija."

Shamsia akazima. Sikukumbuka siku ile. Hata sasa siikumbuki, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuwa nimeitoa ile mbinu kama mtu anavyotema kokwa la embe, nikageukia swali lingine.

Na sikuhitaji kueleweshwa, mimi ni fundi. Ukipitisha sindano kwenye nailoni umeitoboa. Mfarishi mmoja una matundu maelfu. Mkojo unapenya kwa kila tundu, unafika kwenye blanketi, na ukishafika nailoni ile ile inaufungia ndani, hautoki, haukauki. Juu panapanguswa panang'aa. Katikati ni choo. Mwanafunzi wa wiki ya pili angeliona hilo kama angepewa nafasi ya kufikiri. Nilikuwa sijawahi kuujaribu hata mara moja.

"Nilipangusa asubuhi kabla ya kwenda shule," Tabitha alisema, "nikapangusa nikirudi. Nilikuwa natandika khanga juu yake, naibadilisha kila siku. Nikipitisha kiganja, pakavu. Lakini harufu ikazidi. Nikabadilisha sabuni. Nikamwosha mara mbili kwa siku, na maji ya moto, na huko kwetu mwezi wa saba unajua baridi yake. Nikimaliza tu kumlaza, harufu imerudi. Mwisho nikajua ni yeye. Kwamba mama anaoza akiwa hai. Watu wakaacha kuja kumwona, na mimi nikawaelewa. Nikamhamishia chumba cha nje, karibu na banda la ng'ombe. Mtori nilikuwa namlisha nikiangalia pembeni, nikibana pumzi. Alikuwa anaona. Kila siku aliniomba radhi. 'Nisamehe mwanangu, nanuka.' Amekufa akiniomba radhi kwa kunuka, Bi Mwamvita. Na mimi sikumwambia hanuki, kwa sababu nilidhani ananuka."

Mwanamke mmoja mkekani akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilitazama mikono yangu na nikaionea kinyaa, mikono ile ile niliyokuwa nimejisifia nayo dakika tano zilizopita. Nilitaka kusema samahani, na neno lenyewe nikaliona dogo mno. Nilisema hata hivyo.

"Huyo Hadija," akasema. "Baba yake yuko hai?"

Namba yake bado ilikuwa kwenye kundi. Shamsia alipiga, akaweka sauti ya juu. Hadija alifurahi kunisikia. Mzee yupo, alhamdulillahi, ila hali ndiyo hiyo, uzee ni mbaya, mama, harufu imekuwa kali mpaka wajukuu hawaingii.

"Twende," Tabitha alisema.

Saa saba mchana tulikuwa Himo. Nyumba ya Hadija iko nyuma ya maghala ya mahindi, safi, ua umefagiliwa hadi unaonyesha mistari. Chumbani kwa mzee udi ulikuwa unafuka kwenye chetezo, na chini ya udi ilikuwepo harufu ile ile ya uani kwangu. Mzee Swaleh alikuwa dereva wa malori zamani, mwili mkubwa uliobaki mifupa. Akili yake ilikuwa timamu.

"Karibuni wanangu," alisema. "Kaeni hapo hapo mlangoni, ndipo penye hewa."

Nilimwona Tabitha anashika fremu ya mlango.

Nikamweleza Hadija palepale, bila kuzunguka, kwamba nilimfundisha vibaya. Hakunielewa. Akaanza kunitetea kwangu mwenyewe: mfarishi ni mzuri sana, mama, kila siku naupangusa, angalia unavyong'aa. Sikubishana naye. Tulimgeuza mzee ubavu, nikauvuta mfarishi, nikaubeba hadi uani huku ukinilowesha kifua, nikauchana kwa wembe mbele ya macho yake. Hadija alipiga ukelele mmoja, akajifunika uso kwa khanga.

Kilichofuata kilikuwa kazi tu. Godoro lilitolewa likapelekwa juani. Hadija alifunga mlango akamwosha baba yake, Tabitha akipokeza ndoo za maji kwa nje. Mimi nilisugua chaga za kitanda kwa sabuni na maji ya ndimu, nikakunja blanketi la kawaida juu yake, nikatandika khanga kuukuu mbili, zile zilizofuliwa hadi zikawa laini. Tukafungua dirisha, tukazima udi. Mgongo wa mzee ulikuwa na vidonda viwili, na Hadija akampigia simu muuguzi wa jirani aje kuvifunga. Mzee alijikojolea mara moja. Tukabadilisha khanga, tukaifua, tukaianika. Jua la Himo liliikausha ndani ya saa moja. Huko Mamba isingekauka upesi hivyo, najua, lakini khanga kumi zingemtosha Bibi Aikaeli, na khanga kumi kila mwanamke anazo.

Tulikaa hadi adhana ya alasiri. Nilikuwa namngojea Tabitha aseme twende, naye hakusema. Mwisho alivua viatu, akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Mwanamke wa Kilutheri, mgeni, mbele ya mzee wa watu.

"Mzee," akasema, "naomba ninuse."

Mzee Swaleh alimtazama sana. "Kama utaweza, mwanangu."

Tabitha akainama, akaweka uso begani mwa yule mzee, pale shingo inapoanzia, akavuta pumzi. Akakaa hivyo. Akavuta tena.

"Hanuki," alisema.

Hadija akasogea. "Unasemaje?"

"Baba yako hanuki. Njoo mwenyewe." Akanyanyuka kumpisha. "Ana harufu ya mtu tu."

Tabitha alipita mbele yangu bila kunitazama, akatoka nje. Nilimkuta kwenye kamba ya nguo, ameshika ile khanga kavu kwa mikono miwili. Nilisimama hatua tatu nyuma yake. Sikuthubutu kumgusa.

"Miezi minane chumba cha nje," akasema baadaye. "Alikuwa na harufu ya mtu tu."

Nikasema la kazi, maana ndilo ninalolijua. "Nguo zake nitazifua kesho. Siki, kisha jua, kisha siki tena. Ishirini na saba utakuwa umepata mfarishi wako, mwanangu. Nitaushona kwa mkono, bila mashine. Sitaki chochote."

Alikunja khanga ya Hadija mara nne, taratibu, akaipiga-piga kama anavyofanya mtu aliyefundwa vizuri na mama yake.

"Nitazifuata Jumatatu, zilivyo," alisema. "Nitashona mwenyewe."

"Basi nikukatie hata viraka. Nikusaidie."

"Hapana, Bi Mwamvita," alijibu kwa upole. "Umeshanisaidia."